Sava ya Mjomba: Tuisasishe au Tuiache Hivyo Hivyo?

Wasomaji wangu, mniwie radhi kwa ukimya wa karibu majuma matatu. Nilikuwa likizo nyumbani, Mitundu. Kwa wale ambao ramani yao ya Tanzania inaishia Dodoma, Mitundu ni kata iliyoko mkoa wa Singida, wilaya ya Manyoni, kusini mwa Itigi, kwenye ile barabara inayopasua vichaka kuelekea Rungwa na hatimaye Makongolosi. Unapanda treni ya umeme Dar es Salaam, unafika Dodoma ukijiona bwana mkubwa. Unachukua basi hadi Itigi, ubwana unapungua kidogo. Kisha unabanana kwenye gari dogo hadi Mitundu, na ukishuka hata mama yako mzazi anakuuliza wewe ni nani, maana vumbi limekupaka rangi moja na begi lako.

Nilikwenda kupumzika. Badala yake siku nne nzima nimezitumia kubishana na mjomba wangu juu ya kisanduku kimoja cheusi, na nimerudi mjini nikiwa na maoni makali ambayo nisipoyaandika hapa nitapasuka.

Mjomba ana steshenari pale senta. Nikisema steshenari usifikirie kalamu na madaftari tu. Ni studio ya picha, ni mahali pa kopi na kuskani, ni ofisi ambamo kijana aliyemaliza kidato cha sita anajaziwa fomu ya Bodi ya Mikopo na kuhakikiwa cheti chake cha kuzaliwa kule RITA. Ukitaka paspoti saizi, kwa mjomba. Kadi ya mwaliko wa harusi, kwa mjomba. Barua ya kuomba kiwanja, ambayo wewe unaieleza kwa mdomo na yeye anaiandika kwa Kiswahili cha ofisi, kwa mjomba.

Kazi zote hizo zinalala ndani ya kisanduku kilichokaa juu ya kabati, kimefunikwa kitambaa alichofuma mkaza mjomba. Ukubwa wake ni kama kamusi mbili zilizosimamishwa. Ndani mna diski mbili za terabaiti 2 kila moja, nyuma kuna waya unaokwenda kwenye ruta, na kompyuta zote mbili za dukani, pamoja na simu yake, zinachota mafaili humo. Wenye lugha yao wanakiita kifaa cha hifadhi ya mtandao. Mitundu wanakiita sava, na mimi nitakiita hivyo hivyo. Alikinunua Kariakoo mwaka 2019, mtumba, kutoka kwa fundi aliyemwambia kwamba kwa kuwa zimo diski mbili na kila kitu kinaandikwa kotekote, basi "umepona maisha". Mkumbuke huyo fundi, nitarudi kwake.

Ndani ya sava kuna harusi za tangu 2012, alizozihamisha kutoka kwenye kompyuta iliyotangulia. Kuna vipaimara, sendofu, misiba, mahafali ya darasa la saba. Kuna vyeti vilivyoskaniwa vya vijana karibu wote waliowahi kuomba mkopo wa chuo kutoka kata ile. Na kuna mkanda wa dakika nne wa bibi yangu, mama yake mjomba, ameketi chini ya mwembe anaeleza namna babu alivyokuwa akichonga mizinga na kuipandisha mitini, na ni nyuki gani wa kuwaogopa. Bibi alifariki mwaka 2020. Mkanda ule upo sehemu moja tu hapa duniani.

Sasa, kila asubuhi yule dada wa dukani anapofungua ukurasa wa kuiendesha sava, linatokea tangazo la rangi ya machungwa: toleo jipya la programu linapatikana, je, tusasishe sasa? Chini yake kuna vitufe viwili, "sasa" na "baadaye". Dada anabonyeza "baadaye". Amebonyeza "baadaye" kwa miaka mitatu na zaidi. Siku ya pili ya likizo yangu mjomba akaniita, akaniwekea kiti, akaniagizia soda, nikajua kuna jambo.

"Mjomba, wewe ndiye uliyesoma. Hili dude linadai kuapdetiwa. Tuliapdeti au tuliache?"

Mimi shahada yangu ni ya uandishi wa habari, ndugu zangu. Ila kijijini ukishafika chuo kikuu wewe ni daktari, mwanasheria na fundi redio kwa pamoja. Nikajibu haraka, kwa ile jeuri ya mtu wa mjini, kwamba swali gani hilo, bonyeza "sasa" tumalize. Mjomba akanitazama kama mtoto aliyesema neno baya mbele za wageni.

Akanikumbusha king'amuzi. Miaka ile king'amuzi chake cha televisheni kilileta tangazo kama hilo, akakubali, ikaandikwa "usizime kifaa". Yeye hakuzima. Umeme ndio uliozima. Uliporudi, king'amuzi kikawa kinawasha taa moja nyekundu na hakikusema neno tena mpaka leo. Wajukuu wanakichezea kama gari. "Kile kilikuwa cha kuangalizia mpira," akasema. "Hiki kikifa, nitaandika nini kwenye bango la duka?"

Nikanyamaza, kwa sababu mjomba hakuwa mjinga. Programu inayozungumzwa hapa siyo kama programu ya simu unayoipakua na kuifuta. Ni ile programu dhibiti, mafundi wanaita famwea, iliyoandikwa kwenye kumbukumbu ya kifaa chenyewe, inayokifundisha kujiwasha na kujitambua. Wakati wa kuisasisha, ya zamani inafutwa na mpya inaandikwa mahali pake. Umeme ukikatika katikati ya kuandika, kifaa kinaweza kuamka hakijui kwamba chenyewe ni kifaa. Baadhi ya watengenezaji huweka nakala mbili ili moja ikiharibika nyingine iokoe jahazi, lakini si wote, na kwenye mtumba ambao kitabu chake cha maelezo kilibaki kwa mwenye nyumba wa kwanza huko ughaibuni, utajuaje?

Usiku ule nikakaa na bando langu kusoma, ili niwe na la kumjibu.

Kisa cha kwanza kilinipa nguvu. Mwezi Agosti 2014 walizuka wadukuzi waliofunga mafaili ya watu kwenye sava ndogo za kampuni ya Synology, wakidai Bitcoin 0.6 ndipo wafungue. Kampuni ilipochunguza ikakuta waliovamiwa ni waliokuwa wakitumia toleo la zamani la programu, na tundu lililotumika lilikwishazibwa Desemba 2013. Miezi minane dawa ilikuwa mezani. Watu walikuwa wanabonyeza "baadaye".

Kisha nikakutana na habari za QNAP. Aprili 2021 wadukuzi waliingia kwenye sava za wateja wa kampuni hiyo, wakakusanya mafaili ndani ya vifurushi vyenye nywila na kudai Bitcoin 0.01 kwa kila mwenye sava. Walichagua kiasi kidogo kwa makusudi, nadhani, kiasi ambacho mtu anaona bora alipe kuliko kupoteza picha za watoto wake. Januari 2022 likaja kundi lingine, DeadBolt, likidai 0.03, na likawa na ubavu wa kuiandikia kampuni yenyewe kwamba ikitoa Bitcoin 50 itapewa ufunguo wa kufungulia wateja wote. Oktoba mwaka huo polisi wa Uholanzi wakawafanyia wale jamaa ujanja wa kiswahili kabisa: wakatuma malipo, mfumo wa wadukuzi ukatoa funguo zenyewe kabla malipo hayajathibitika, polisi wakayafuta malipo. Funguo 155 bure. Nilicheka peke yangu gizani kama mwendawazimu.

Lakini kisa kilichonikosesha usingizi ni cha Western Digital. Walikuwa na kisanduku kiitwacho My Book Live, cha kuweka picha na kumbukumbu za nyumbani. Kampuni iliacha kukitolea matoleo mapya mwaka 2015. Watu wakaendelea kukitumia, kwa nini wasitumie, kilikuwa kinawaka. Mwaka 2018 ikaripotiwa kwamba kina tundu la hatari. Halikuzibwa, kwa sababu kifaa kilikwisha staafishwa. Halafu Juni 2021 watu sehemu mbalimbali za dunia wakaamka wakakuta visanduku vyao vyeupe ndani, kama siku vilipotoka dukani. Hakuna aliyedai fidia. Kulikuwa na amri ya kufuta kila kitu iliyoweza kutumwa kupitia intaneti bila kuulizwa nywila. Mistari ya kuuliza nywila ilikuwemo, fundi mmoja alikuwa ameizima tu.

Asubuhi nikamsimulia mjomba nikiamini nimeshinda. Akanywa chai yake taratibu, akaniuliza maswali mawili. La kwanza: huyo mdukuzi ananijuaje mimi wa Mitundu? La pili: hilo tundu la kufutia bila nywila liliingiaje?

Tuanze na la pili, maana ndilo lililoniumiza. Liliingia kupitia toleo jipya. Kampuni yenyewe ilieleza kwamba kosa lile lilizaliwa Aprili 2011, walipopanga upya sehemu ya programu inayoshughulika na utambulisho. Yaani aliyesasisha mwaka ule aliliingiza tundu nyumbani kwake kwa mkono wake. Na usidhani ni ajabu ya zamani. Tarehe 19 Julai 2024 toleo moja bovu la kampuni ya CrowdStrike liliangusha kompyuta zipatazo milioni 8.5, ndege zikakwama, hospitali zikarudi kwenye karatasi, na hiyo ni kampuni ambayo kazi yake ni ulinzi. Hata QNAP, walipoona DeadBolt wanatapakaa, waliwasukumia wateja toleo jipya kwa nguvu, pamoja na waliokuwa wamezima kusasisha kwa hiari. Wapo waliokwishalipa fidia, wakakuta toleo hilo limeondoa ule ukurasa wa kuingizia ufunguo walioununua. Lipa, kisha unyang'anywe tundu la funguo!

Swali la kwanza nalo lina sehemu mbili. Mdukuzi hamjui mjomba wala hana haja ya kumjua. Programu zao zinapita zikigonga kila anwani ya intaneti, moja baada ya nyingine, kama mtu anayejaribu vitasa vya magari kwenye maegesho. Kinachofunguka ndicho chake. Ila lazima niwe mkweli: mjomba anatumia ruta ya laini ya simu, na laini za simu kwa kawaida hazikupi anwani yako peke yako, mnafichwa wengi nyuma ya anwani moja ya kampuni. Sava iliyokaa hivyo ni ngumu kugongwa kutoka nje kuliko ile ya ofisi ya Upanga yenye mkongo na anwani yake ya kudumu. Kwa hiyo kuna usalama fulani wa kuwa Mitundu, mjomba hakukosea. Isipokuwa yule fundi wa Kariakoo, kwa ukarimu wake, alimwashia huduma ya mtengenezaji ya kuifungulia sava popote ulipo kwa kupitia mtandao. Mjomba anaipenda sana. Anakaa harusini Rungwa, anampa bibi harusi kiungo cha picha kabla pilau haijapoa. Mlango wa nyuma uko wazi, na ufunguo wake ni jina la duka na 123. Usinicheke, nenda kaangalie nywila ya ruta yako.

Hapo ndipo nilipogundua kwamba mimi na mjomba tulikuwa tunabishania jambo lisilo lenyewe. Yeye anaogopa kusasisha kwa sababu kifaa kikifa picha zimekwenda. Mimi naogopa kutosasisha kwa sababu kikivamiwa picha zimekwenda. Hofu zetu zote mbili zina mzizi mmoja: picha ziko mahali pamoja. Mtu mwenye nakala nyingine ya kila kitu, iliyochomolewa na kufungiwa kabatini, swali la kusasisha linakuwa dogo kama la kubadilisha tairi. Likiharibika ni usumbufu na hasara ya pesa. Mtu asiye na nakala hana uamuzi wowote salama, anachagua tu namna atakavyopoteza.

Sasa tumrudie fundi wetu na "umepona maisha". Ndugu zangu mlioko maofisini, naomba hili mlisikie, kwa sababu najua mnaamini hivyo hivyo. Diski mbili zinazoandikwa pamoja zinakulinda na jambo moja, diski moja kufa. Ukifuta faili kwa bahati mbaya linafutika kote. Mdukuzi akilifunga limefungwa kote. Radi ikipiga, mwizi akibeba, paa likivuja, vyote viwili vimo kwenye kisanduku kimoja. Hiyo siyo nakala. Ni mtu aliyevaa kofia mbili akidhani ana vichwa viwili.

Wala msione hili ni la mashamba. Nilipokuwa nafanya mazoezi ya kazi kwenye chumba kimoja cha habari hapa mjini, jina nalihifadhi, picha zote za gazeti zilikuwa kwenye kisanduku cha namna hii hii chini ya meza. Kilikuwa hakijasasishwa tangu aondoke kijana aliyekuwa anajua nywila. Watu walikuwa wanakipitia kwa adabu, kama kaburi. Kila mtu anasema, "kinafanya kazi, usikiguse". Na mule kuna sura za watu waliozungumza nasi kwa sharti la kutotajwa. Nchi hii ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika tangu 1 Mei 2023, na inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde. Sidhani kama "kinafanya kazi, usikiguse" ni ulinzi mbele ya tume. Mjomba nilipomwambia kwamba vile vyeti vya vijana wa watu vinamhusu kisheria alishtuka kweli. Alikuwa anadhani anavitunza kwa wema.

Na hapa niwatupie mawe watengenezaji, maana tukimlaumu dada wa dukani kwa kubonyeza "baadaye" tutakuwa tumemwonea. Tangazo liko kwa Kiingereza kigumu. Nililisoma lote, kurasa na kurasa. Katikati, baada ya sifa za mwonekano mpya, ndipo wameandika kwamba toleo hili linaziba matundu kadhaa ya hatari. Chini zaidi, kwamba ukishasasisha huwezi kurudi toleo la zamani. Chini kabisa, kwamba programu mbili za zamani za kuonyesha video zinaondolewa. Huo ni ulaghai wa mezani: dawa na karaha kwenye sahani moja, kula vyote au ulale njaa. Mtu akikataa kwa sababu hataki kupoteza kitu alichokilipia, utamwita mzembe? Kama ni kuziba tundu, nizibie tundu. Rangi za vitufe tutazungumza siku nyingine.

Kwenye mitumba nako tuna kichekesho chetu. TBS imepiga marufuku nguo za ndani za mitumba, na sawa kabisa. Kwenye maziwa ya pakiti tunadai tarehe ya mwisho. Lakini sava, ruta na kamera za ulinzi zinaingia kwa makontena zikiwa zimekwisha muda wake, mtengenezaji ameshazisahau, na hakuna anayelazimika kumwambia mnunuzi. Uingereza tangu 29 Aprili 2024 wana sheria inayomtaka mtengenezaji wa vifaa vya nyumbani vinavyounganishwa na mtandao atangaze atavitolea matoleo ya usalama hadi lini, na inakataza nywila za kiwandani zinazofanana. Tarehe kama hiyo ingeandikwa kwa peni tu kwenye boksi pale Kariakoo, mjomba angelipa nusu ya bei aliyolipa. Toleo lililokuwa linamsubiri lilikuwa la mwisho kwa modeli yake. Baada ya hapo, kisanduku chake kinajiunga na wenzake waliostaafishwa.

Basi tulifanyaje? Uamuzi niliomshawishi ulikuwa huu: tusasishe, ila siyo leo, na siyo kwanza.

Kwanza nilimtuma jamaa anayekwenda Dodoma aniletee diski ya nje ya terabaiti 2. Shilingi laki mbili na ushee. Mjomba aliguna mguno mrefu, nikamuuliza harusi moja anapiga kwa bei gani, akaacha kuguna. Tukaanza kunakili terabaiti 1.3. Kwa kasi ya megabaiti 30 kwa sekunde, ambayo ndiyo kisanduku kile kizee kiliweza, ni saa 12 na dakika zake. Umeme ulikatika mara moja, tukaanza tena pale tulipoishia. Kisha, na hatua hii watu wengi huiruka, tukachomoa ile diski, tukaichomeka kwenye laptopu yangu, tukafungua mafaili hapa na pale: harusi ya 2013, mahafali ya 2017, cheti cha mtu, mkanda wa bibi. Mjomba akasema tuuache mkanda ucheze mpaka mwisho, kwa uhakika zaidi. Hakuna aliyetazamana na mwenzake.

Pili, toleo lenyewe nililipakua usiku wa manane, bando la usiku, nikaliweka kwenye laptopu badala ya kuiacha sava ilipakue yenyewe kwa mtandao wa kupanda na kushuka. Kwenye tovuti ya mtengenezaji chini ya kila faili kuna mstari mrefu wa herufi na tarakimu. Unaupiga hesabu upya kwenye faili lako na kulinganisha. Ukipishana hata herufi moja faili limeharibika njiani. Letu la kwanza lilipishana. Ningebonyeza tu ile "sasa" yangu ya mjini, sijui kama kifaa kingelikataa chenyewe. La pili likalingana.

Tatu, umeme. Mjomba ana sola ya kuchajia simu za wateja, na betri lake na inveta. Sava ile inakula wati ishirini na kitu, chini ya taa mbili za zamani. Tukahamishia sava na ruta kwenye betri tangu asubuhi, betri likiwa limejaa, jua linawaka, duka limefungwa kwa saa moja, na kibao mlangoni "tunarudi punde". Wateja watatu walikaa kwenye benchi kusubiri, na mzee mmoja akataka kujua kama kuna mgonjwa ndani.

Nikabonyeza. Asilimia 10, 40, 70. Ilipofika 92 ikasimama. Dakika moja, mbili, tano. Mjomba alikuwa ameshika kile kitambaa alichofuma mkewe anakikunja na kukikunjua. Mimi nilikuwa najua, kwa kusoma, kwamba kusimama ni kawaida na kosa kubwa kuliko yote ni kuzima kwa wasiwasi. Mkono wangu haukuwa unajua. Kwenye dakika ya nane taa ikazimika, moyo ukazimika nayo, kisha ikawaka kijani na zile diski zikaanza kuunguruma. Picha zote zilikuwepo. Zile programu mbili za video zimekwenda kweli kama walivyotishia, na dada wa dukani bado analalamika.

Nywila tumebadilisha, dada ameiandika kwenye daftari la madeni, ambako hakuna mtu wa nje atakayeruhusiwa kuligusa. Diski ya nje inalala kwa mkaza mjomba, ndani ya sanduku la bati la vitenge, nyumba ya pili kutoka dukani, na kila Jumapili baada ya misa inaletwa, inanakiliwa, inarudishwa. Kuhusu ile huduma ya kuifungulia sava ukiwa mbali, hapo ndipo niliposhindwa. Kifaa ambacho hakitapata dawa tena hakipaswi kuwa na mlango wa nje hata mmoja, huo ndio msimamo wangu na nimemwambia. Mjomba anasema msimu wa harusi umeanza, watu wameuza alizeti, na mabibi harusi wamezoea kiungo chao. Anasema tutaizima Oktoba. Nimeandika kwenye simu yangu nimpigie tarehe mosi.